Naomba ushauri: kuwapatia wanafunzi walezi wa dini, shule ya kutwa Tanga mjini

MdauNgamiani: Assalaam alaykum wakuu. Kidato cha kwanza na cha pili tuna Waislamu kama 60. Kipindi cha dini kipo, ila kinaishia kukariri majibu ya mtihani wa EDK (Elimu ya Dini ya Kiislamu). Tunataka wakubwa wawalee wadogo katika swala na tabia. Vikundi tuvigaweje, na tutajuaje wanabadilika?

UstadhWaPwani: Wa alaykumu s-salaam. Kikundi vijana 6, basi. Wakifika 12 mlezi anaanza kuhutubia na wa nyuma wanasinzia. Kwa hiyo walezi 10, kutoka kidato cha tatu. Cha nne waacheni, mtihani wa taifa utawameza. Wavulana na wao, mabinti na wao. Vikao viwe mahali pa wazi, mwalimu akiwaona, na wazazi wapewe taarifa kwa barua.

Somo la muhula mzima mnalo tayari: sura ya Luqman katika Qur'ani, aya ya 12 hadi 19, anapomuusia mwanawe. Kila wiki jambo moja la kutenda. Mkifika aya ya 19, kushusha sauti, kazi ya wiki iwe kutomfokea konda wala mdogo wake nyumbani.

BintiChumbageni: Naongezea: mlezi asimame bombani wakitawadha. Shati la mikono mirefu likikunjwa nusu, kiwiko kinabaki kikavu, na kisigino hivyo hivyo. Amrekebishe pembeni, si mbele ya wenzake.

MdauNgamiani: Shukran. Na daftari la swala tano, la kutia tiki na kukaguliwa?

BintiChumbageni: Hilo hapana, ndugu yangu! Aliyepitwa na alfajiri atatia tiki zote tano, na hapo mmemfundisha uongo ndani ya ibada. Karatasi abaki nayo mwenyewe. Mlezi aulize tu: swala ipi ilikuwa nzito wiki hii? Mara nyingi ni alfajiri, na chanzo ni simu hadi usiku wa manane. Wapangeni wawili wawili, majirani, waamshane.

UstadhWaPwani: Sahihi kabisa. Sura ya Hujurat aya ya 12 imekataza kupelelezana, kwa hiyo mlezi asipeleke majina kwa mwalimu wa nidhamu. Lakini asiahidi siri ya kila kitu: kijana akisema anapigwa, anadhalilishwa au anataka kujidhuru, mwalimu msimamizi ajue siku hiyo hiyo. Walezi waelezwe hili kabla hawajakabidhiwa kikundi.