Ushauri wa haraka: nahesabu jeni za kunusa za mnyama na hesabu haikubali

Kijana_wa_Kondele
Habari zenu wadau. Niko masters hapa Kisumu, kazi yangu ni kutafuta jeni zote za kunusa kwenye genomu, yaani DNA yote, ya mnyama mmoja wa huku kwetu na kuziwekea lebo, hii nzima, hii mfu, hii ya familia gani. Nilichukua jeni za kunusa za binadamu na za panya wa maabara nikazitafutia ndugu zao kwa TBLASTN, programu ya kulinganisha protini na DNA, zikatoka nyingi tu, lakini nzima ni chache mno, hazifiki hata nusu ya zile za panya ambaye anazo kama 1,100 zinazofanya kazi. Zilizobaki nyingi zimekatika. Swali ni moja: nikiandika kwamba huyu mnyama amepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kunusa, kuna mtu atanipinga? Nakabidhi karibuni na usingizi umenihama. Tafadhali msiniambie nirudi kwa supavaiza, nishaenda.

MamaAkinyi_Mamboleo
Pole mwanangu, jikaze. Mimi sijui genomu lakini umenikumbusha kitu, mtoto wangu wa pili hagusi chakula chenye dhania, anasema inanuka sabuni, na ndugu zake wanakula hicho hicho wanaomba kuongezwa. Babake anasema ni kudeka. Hiyo inaweza kuwa ni hizo jeni?

DaktariWaNgombe
Mama Akinyi, mtoto hadeki. Kuna jeni inaitwa OR6A2 ambayo imehusishwa na hiyo harufu ya sabuni, kipokezi chake kinashika kemikali ziitwazo aldehaidi zilizoko kwenye dhania. Mtolee mboga yake kabla hujaweka dhania, yaishe.
Sasa mwenye uzi, mnyama gani? Bila jina hatuwezi kukusaidia. Pomboo kweli jeni zao za kunusa zimekufa karibu zote. Tembo wa Afrika naye kwenye utafiti wa Niimura na wenzake wa 2014 alikutwa na karibu 2,000 nzima, akaongoza kati ya mamalia 13 waliolinganishwa. Binadamu tunazo kama 400. Kwa hivyo "chache" ni chache kwa nani?

MzeeWaMbao_Kakamega
Vijana wa siku hizi. Hospitali ukienda unaambiwa ukanunue dawa nje, na mtu anasomeshwa kuhesabu pua ya mnyama. Soma kitu kitakachomsaidia mama yako kijijini.

NjoroToMoro
Mzee, kule Morogoro panya buku wanafundishwa na shirika la APOPO kunusa makohozi wakagundua kifua kikuu, na wengine wananusa mabomu ya ardhini. Mmoja aliitwa Magawa, alifanya kazi Kambodia, mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Hiyo ni pua ya mnyama na imeokoa watu. Nilifika pale nikiwa na shemeji yangu, unaona panya anafungwa mkanda kifuani kama mbwa, akisikia harufu anayoitafuta anakwaruza chini, akilenga anapewa ndizi. Toka siku hiyo sijawahi kumdharau panya.

Kijana_wa_Kondele
Asante @NjoroToMoro. Sikutaka kutaja mnyama kwa sababu kazi haijachapishwa na watu wanaibiana mada. Ni fuko, huyu huyu anayemaliza viazi mashambani, Tachyoryctes. Na ndiyo maana naona jibu langu linaingia akilini kabisa, mnyama anaishi chini ya ardhi maisha yake yote, hewa haitembei huko, anusie nini? Jeni ambazo hazitumiki hufa. Kichwa cha tasnifu kishapitishwa na kinasema hivyo hivyo, kupotea kwa jeni za kunusa kwa fuko.

ShambaLaMolo
Ati fuko hanusi? Wewe umewahi kulima? Mimi natoka Molo, viazi ndiyo vimenisomeshea watoto. Fuko anachimba chini huko gizani anapita magugu yote anaenda moja kwa moja kwenye mstari wa viazi, asubuhi unakuta shina limesimama vizuri, ukilivuta linakuja bila kitu chini. Na mtegaji wetu hawezi kuweka mtego kabla hajasugua mikono na udongo wa lile shimo lenyewe. Anakunja mti, anafunga waya kitanzi, anafunika na udongo mbichi. Akishika na mikono yenye sabuni ama sigara, fuko anaziba njia na udongo anapita kando. Sasa niambie amejuaje.

Dada_Bayo
@Kijana_wa_Kondele nimefanya hii kazi miaka kadhaa kwa popo, nikuulize mambo mawili. Genomu ilisomwa na mashine gani na ilisomwa vipande vya urefu gani? Na hizo "zilizokatika", zimekatika vipi?

Kijana_wa_Kondele
Genomu ni ya supavaiza, ni nzuri, BUSCO, kile kipimo cha ubora wa genomu, inatoa zaidi ya asilimia 90. Nadhani hiyo si shida.

Dada_Bayo
Sikuuliza BUSCO mdogo wangu. BUSCO inahesabu jeni ambazo kila mnyama anatarajiwa kuwa nazo nakala moja moja, na za kunusa haziko humo. Unaweza kuwa na BUSCO ya kujivunia na jeni za pua zimeharibika zote. Vipande vya urefu gani?

Kijana_wa_Kondele
Sawa. Ni mashine ya Illumina, vipande vifupi vya herufi 150 za DNA. Hakuna vipande virefu, pesa haikutosha. Lakini genomu nyingi zilizochapishwa zilitengenezwa hivyo hivyo, na bango la mkutano lishachapishwa na hesabu iko pale, supavaiza ndiye alisema zilizokatika ziingie kwa jeni mfu kwa sababu jeni nusu haifanyi kazi. Mimi naona ana hoja.

Dada_Bayo
Hapo ndipo penye shida yako yote. Jeni ya kunusa ya mamalia ni fupi, herufi kama 1,000, na sehemu yote inayotengeneza protini iko kwenye eksoni moja, yaani kipande kimoja kisichokatizwa, ndiyo sababu TBLASTN inaikamata vizuri. Lakini hizi jeni zinaongezeka kwa kujinakili na nakala inakaa jirani na mama yake, mashada kwa mashada kwenye kromosomu, na majirani wanafanana sana. Chukua nyimbo nne zenye kiitikio kimoja, uzikate vipande vya maneno matatu matatu, umpe mtu azirudishe. Kiitikio atakiandika mara moja tu na beti zitabaki zinaning'inia. Programu ya kuunganisha genomu inafanya hivyo, nakala nne zinakuwa moja, ama kontigi, yaani kipande kirefu ilichounganisha, inakatika katikati ya jeni.
Jeni iliyokatika kwa sababu kontigi imeisha si jeni mfu. Jeni mfu ina kodoni ya kusimama, yaani alama ya kumaliza protini, kabla ya wakati ama herufi zimeongezeka ama zimepungua mpaka usomaji ukateleza. Ndiyo maana kina Niimura wanaweka makundi matatu: nzima, mfu, na zilizokatwa na genomu yenyewe. Ukichanganya la pili na la tatu unahesabu ubovu wa genomu unamsingizia mnyama.

MzeeWaMbao_Kakamega
Mimi nimefuata huu uzi na naona hekaya. Kwanza "mnyama wa huku kwetu", halafu fuko, halafu genomu ni ya supavaiza, halafu bango lishachapishwa. Kila akibanwa anatoa kipande kingine. Na nimeangalia mabandiko yake ya zamani, kuna mahali anauliza bei ya betri za sola na kusema yeye ni fundi Bondo. Sasa fundi wa sola na genomu wapi na wapi?

Omera254
😂😂 mzee amefungua faili. Mimi nilishuku pale kwa kufichaficha jina. Kijana kama ni kweli bandika hata jeni moja tuone.

Kijana_wa_Kondele
Sola ndiyo inanilipia ada. Wikendi napanda mabati ya watu, katikati ya wiki nakaa maabara, sioni ajabu iko wapi. Mnataka jeni, hii hapa moja ya zile nilizoweka kwa mfu, nimeitafsiri kwa asidi amino, yaani herufi za protini, na nimekata mwanzo:

CVLAVMAYDRYVAICNPLRYXXXXXXXXXXXXXXXXXXXX

Dada_Bayo
Huyu hadanganyi, nimeridhika. Watu wa kazi hii wataona mara moja, MAYDRYVAIC ni alama inayopatikana kwenye vipokezi vya kunusa vya mamalia pale protini inapomaliza kupita utando wa seli mara ya tatu kati ya zile saba. Na iko safi kabisa.
Lakini kijana angalia hizo X. Nyota (*) inayoonyesha kodoni ya kusimama haipo. X ina maana programu haikujua herufi, huko kwenye DNA kuna NNNN, pengo la genomu. Hii jeni inaweza kuwa nzima kabisa ndani ya fuko wako na wewe umeshaizika. Ngapi kati ya mfu zako zinaishia kwa X ama mwisho wa kontigi?

Kijana_wa_Kondele
Nyingi.
Sijahesabu lakini ni nyingi.

DaktariWaNgombe
Na kuna jambo lingine rahisi hata kwa leptopu ya kawaida. Rudisha vile vipande vya 150 juu ya genomu, uangalie kina cha usomaji, yaani kila sehemu imesomwa mara ngapi. Kama jeni za kawaida zimesomwa mara 40 na jeni moja ya kunusa imesomwa mara 160, hiyo moja yaelekea ni nne zilizobanwa pamoja.

MamaAkinyi_Mamboleo
Na huyo supavaiza umweleze kwa heshima, mwanangu. Usiende na "umekosea". Nenda na hiyo X muiangalie pamoja.

Kijana_wa_Kondele
Asanteni. Nimejaribu shada moja tu usiku huu kama Daktari alivyosema. Kina cha kawaida ni karibu 38, humo ndani kuna jeni mbili zimepita 110. Bado naona fuko anaweza kuwa na chache kuliko panya, hilo siliachi bila kupimwa. Lakini jedwali nitaligawa mara tatu, na kichwa nitaomba neno "kupotea" litoke, hata kama itabidi nirudi kwenye kamati. Bango litabaki lilivyo, mkutano ni Alhamisi, nitaeleza kwa mdomo.

Dada_Bayo
Hapana, kwenye bango bandika karatasi juu ya ile hesabu. Watu wanapiga picha bango wanaondoka, maneno yako ya mdomo hayaendi nao. Halafu mkipata pesa msome kwa vipande virefu, PacBio ama Nanopore, ila mtahitaji sampuli mbichi, DNA ya zamani imeshakatikakatika haifai.

ShambaLaMolo
Sampuli mbichi si shida, shambani kwangu wako. Niambie tu unamtaka hai ama amekufa.

Dada_Bayo
Hai, na kibali cha KWS (wanyamapori) na cha NACOSTI (utafiti) kiwe mkononi kabla mtego haujawekwa. Mengine kijana aje inbox.