Amplifaya ya wati 40 sebuleni: nipande hadi 100?

BinLikoni: Salaam wakuu. Sebule ni mita 4 kwa 5, kuta za mawe, nakaa mita 3 kutoka kwa spika. Amplifaya ni wati 40 kila upande kwa omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Spika ni omu 8, zimeandikwa 87 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti). Nasikiliza taarab na habari. Dukani naambiwa 40 ni za redio, nichukue 100. Kuna pia kisanduku cha bluetooth, "2 x 100W", bei nusu. Nifanyeje?

FundiMajengo: Toka 40 hadi 100 waongeza desibeli 4 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu wahitaji kama desibeli 10, yaani wati 400!

87 dB hupimwa kwa wati 1, mita 1. Kufika mita 3 chumbani zapotea kama desibeli 6, spika ya pili yarudisha 3. Basi wati 1 kila upande yakupa karibu 84 dB ulipokaa, na hapo mgeni wako lazima apaze sauti ili umsikie. Mshindo wa ngoma ukipanda desibeli 10 zaidi, ni wati 10. Hizo 30 zimelala. Ukiwa na pesa, tafuta spika za 90 dB: ni sawa na kuongeza wati mara mbili. Na tandika zulia, maana mawe yarudisha mwangwi.

Omu8: Kisanduku hicho kikaguliwe adapta, si maandishi. Kikija na volti 12, kwa omu 8 mwisho wake ni 12 x 12 ÷ 16 (omu 8 mara mbili), yaani wati 9 kila upande kabla sauti haijaanza kukwaruza. Kwa volti 24 ni 36. Tena adapta ya volti 12, ampea 3 ni wati 36 jumla. Hizo 200 zatoka kisimani?

BinLikoni: Shukran. Lakini si amplifaya ndogo ndiyo huunguza tuita, ile spika ndogo ya sauti za juu?

FundiMajengo: Ukiilazimisha, ndiyo. Wimbi lakatwa kichwa, nguvu nyingi yahamia sauti za juu, na tuita haina ubavu huo. Ukisikia "s" za mwimbaji zakwaruza, punguza papo hapo. Mchawi mara nyingi ni nobu ya besi: ukiipandisha desibeli 10, noti za chini zadai wati mara 10. Irudishe katikati.

Omu8: Na ncha za waya zikiota kijani kwa chumvi ya bahari, kata sentimita 2, menya upya, kaza.