Naomba ushauri: fangasi kwenye kioo cha jicho

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea Buguruni. Kipande cha chuma kilimrukia jichoni. Duka la dawa wakampa matone yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), maumivu yakatulia, kisha likatokea doa jeupe. Daktari amelikwangua hilo doa, kipimo kinaonyesha fangasi, na steroidi ndizo huwapa fangasi nguvu. Sasa anawekewa natamaisini, matone ya kuua fangasi, kila saa, hata usiku. Tena ana kisukari, nacho huchelewesha kidonda kupona. Kinachoniumiza zaidi, doa liko mbele ya mboni kabisa. Aliyeuguza hali hii, ilichukua muda gani? Kovu likibaki, uoni ulirudi? Na natamaisini hapa Dar naipata wapi kwa uhakika? Maduka niliyopita Kariakoo hawana, na chupa inakaribia kuisha.