Nimekwama na maneno ya lebo ya asali, naombeni ushauri

NyukiMdogo: Wakuu, habari za jioni. Nafungasha asali ya Sikonge, Tabora, nauza hapa Dar. Kila chupa sokoni imeandikwa "bora", "namba moja", "orijino 100%". Niandike nini na yangu ionekane? Silali.

Kibuyu: Fungasha robo lita, mkuu. Lita nzima watu hawana hela.

MamaTunu: Niliwahi kununua mafuta ya alizeti "namba moja Tanzania". Yalijaa povu kikaangoni, samaki wote wakanuka. Uongo wa biashara ni dhambi, mwanangu.

FundiLebo: Mleta uzi, umeshachapisha?

NyukiMdogo: Bado najipanga.

FundiLebo: Ngapi?

NyukiMdogo: 2,000. "Asali Bora Kuliko Zote Afrika, Kiboko ya Kisukari." Lakini wote wanaandika hivyo! Nikiandika "asali" tupu nani atashika chupa yangu? Halafu shangazi aliitumia, akapata nafuu.

FundiLebo: "Bora" ni majigambo. Kisukari ni dai la dawa, na asali sehemu kubwa ni sukari! Tangu 2019 chakula kinasimamiwa na TBS (shirika la viwango), dawa na TMDA (mamlaka ya dawa), na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Mtu akiacha vidonge kwa lebo yako je?

Popo_wa_Ilala: Chai hii. Kajiunga juzi, kesho anaweka namba ya kuagizia. Tangazo hilo.

NyukiMdogo: Si chai, kaka. Maboksi yako chini ya kitanda changu. Nimebandika chupa 40, na sasa zimeanza kuganda. Naogopa wataniambia nimechanganya sukari.

MzeeUrambo: Asali safi inaganda, kijana. Andika hivyo hivyo: "Ikiganda, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu." Andika Sikonge, mwezi uliovuna, mizinga ya magome, msitu wa miombo. Baba yangu alionja tone kwenye ukucha akakutajia mti nyuki walikochuma. Hakuwahi kusema "bora".

NyukiMdogo: Shikamoo mzee, asante. Ila hela ya lebo ndiyo imekwenda hivyo? Nikifuta neno kisukari kwa kalamu nyeusi?

MamaTunu: Achana na lebo. Chupa ngapi zimeshatoka?

NyukiMdogo: 11. Nyingi kwa majirani.

MamaTunu: Yupo mwenye kisukari?

NyukiMdogo: Yupo mama mmoja, alichukua mbili. Ngoja nimpigie.