Upupu umemwasha kijana wetu, na jirani anazisifu mbegu zake

Mkulima, Kibosho
Habari zenu, ndugu. Upupu umetambaa juu ya uzio wa shamba letu, na kijana anayetusaidia kazi alipoufyeka, vinyweleo vya maganda makavu vilimwingia shingoni na mikononi, akawashwa vibaya. Vidonge vya mzio havikumpa nafuu. Jirani naye ananiambia kwamba mbegu zake zikisagwa ni dawa ya kutetemeka mikono, shida aliyo nayo baba mkwe wangu. Naomba kueleweshwa.

Mfamasia, Arusha
Mpe pole kijana, mama. Vinyweleo hivyo vina kimeng'enya kiitwacho mukunaini, ambacho huamsha neva za mwasho bila kutegemea histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho wa mzio, ilhali vidonge vya mzio kazi yake ni kuzuia histamini tu. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuviondoa vinyweleo vyenyewe: asijikune wala kujisugua, bali mbandikeni utepe wa gundi na kuubandua mara kadhaa, kisha aoge kwa maji mengi na nguo zake zifuliwe peke yake. Vikiingia machoni, ayasafishe kwa maji mengi na awahi hospitali.

Kuhusu mbegu, jirani hakukosea, na hapo ndipo penye hatari. Zina levodopa, dawa ileile wanayopewa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko, lakini kiasi chake hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu, hivyo hakuna kijiko cha unga kinachoweza kuitwa dozi. Ikizidi huleta kichefuchefu, kizunguzungu na hata maruweruwe. Tena si kila mtetemeko ni Parkinson. Mzee apimwe kwanza.

Bwana shamba mstaafu, Tengeru
Naongeza la shambani: upupu ufyekwe ukiwa bado na maua, kabla maganda hayajakomaa, na mfyekaji avae mikono mirefu na glavu. Ipo pia mukuna isiyowasha, jamii ya upupu huohuo, ambayo wakulima huipanda pamoja na mahindi ili iongeze naitrojeni na kufunika magugu. Nayo mbegu zake zina levodopa, zisichukuliwe kama maharage ya kawaida.

Mkulima, Kibosho
Nawashukuru sana. Mzee anatumia vidonge vya presha kila siku. Je, hilo lina uzito?

Mfamasia, Arusha
Lina uzito mkubwa, mama, kwa sababu levodopa nayo hushusha presha, na mzee anaweza kuanguka anaposimama. Asionje unga huo, na siku ya kwenda hospitali ya KCMC abebe vidonge vyake vyote daktari avione.