Mkoba wa puto au kozi ya maporomoko ya theluji: kipi kianze?

Mtelezi_Mpya
Wakuu, salaam. Nina transiva (kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa na theluji), fimbo ndefu ya kuchokolea theluji na beleshi. Hela iliyobaki inatosha kitu kimoja tu msimu huu: mkoba wa puto, ule unaojaa hewa mgongoni ukinaswa na poromoko, au kozi ya siku tatu ya maporomoko. Huwa tunapanda wawili, mbali na njia zinazolindwa. Mngekuwa ninyi?

Babu_Kilele
Kozi, bila kusita. Wengi wanaofukiwa, bamba la theluji, lile tabaka gumu linaloachia na kuporomoka, wamelivunja wao wenyewe au mwenzao. Kosa limeshafanyika kabla puto halijafunguka.

NuruBaridi
Babu, usiudharau mkoba. Tikisa debe la mchanga na kokoto: kokoto huja juu. Theluji inayotiririka ni vivyo hivyo, na puto hukufanya uwe kokoto kubwa. Ninao na siuzi.

Babu_Kilele
Sawa, na hiyo kokoto ikigonga mwamba? Au ikatupwa korongoni, theluji ikazidi kuijia kutoka juu? Tena mpini wa kufungua puto unauvuta mwenyewe, ukiwa tayari unabingirishwa.

Zubeda_Ski
Mimi hofu yangu ni nyingine. Msimu uliopita tulisikia "wumm" chini ya miguu, kishindo kizito cha tabaka dhaifu likishuka, na nyufa zikakimbia mbele ya ski. Mwenzangu akasema, "Twende tu, nina puto." Tuligeuza, lakini kwa ugomvi.

NuruBaridi
Haya, hilo limenigusa. Ila kozi inakupa nini kisichokuwemo kwenye taarifa ya hatari ya kila siku?

Zubeda_Ski
Taarifa inazungumzia eneo zima, si mteremko ulio mbele yako. Wengine wakiona kiwango cha 3 kati ya 5 wanadhani ni wastani, kumbe hapo ajali za vifo ni nyingi. Kozini utapima mteremko: mabamba mengi huachia kati ya nyuzi 30 na 45. Ukiwa chini ya 30 bado angalia kilichoning'inia juu yako. Utajua upepo umerundika theluji upande upi wa mgongo wa mlima, utachimba shimo uone chembe zilizolegea kama sukari chini ya bamba gumu. Na utatafuta kwa transiva hadi mikono izoee, maana baada ya dakika 10 hivi nafasi ya aliyefukiwa kuishi hushuka kwa kasi. (Simu iwe mbali na transiva wakati wa kutafuta, nusu mita angalau.)

Mtelezi_Mpya
Nimeelewa, kozi. Mwenzangu hataki kuja, anasema transiva yake ya zamani ya antena moja anaijua vizuri.

Babu_Kilele
Antena moja! Hiyo huchelewa kuonyesha aliyefukiwa yuko wapi. Simamisha yote. Hela hiyo mnunulie transiva ya antena tatu, kozi mtaitafutia baadaye. Ukifukiwa wewe, anayetafuta ni yeye peke yake.

Mtelezi_Mpya
Dah. Ngoja nimpigie.