Tupeane uzoefu: kufunga inveta na chenjiova kwenye gari la kulala

Mleta mada, Ilazo

Mbukwenyi wakuu. Nina Hiace naigeuza iwe gari la kulala: kitanda, friji ndogo, birika la umeme, taa, chaji za simu na laptop. Safari zangu ni za huku huku: Kolo kwenye michoro ya miambani, Ruaha, na wiki ya Nanenane pale Nzuguni. Porini nitatumia betri za volti 12 na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa 230 kama wa nyumbani) ya wati 2,000. Nikilala gesti au kwa ndugu, nachomeka waya wa nje. Mafundi wawili wamenichorea chenjiova, yaani swichi ya kuhama kutoka umeme mmoja kwenda mwingine, na michoro yao haifanani hata kidogo. Mliokwisha kufunga, semeni mlifungaje na kilitokea nini. Nadharia ninazo za kutosha.

Fundi, Area C

Kabla ya chenjiova tuzungumze betri, maana huko ndiko magari mengi yanakofia. Wati 2,000 kwa volti 12 ni ampea 167. Weka na kinacholiwa na inveta yenyewe, unagonga kama 185. Kuna gari nililetewa, betri ziko mbele chini ya kiti, inveta nyuma kabisa, waya wa milimita 16 za mraba, mita tatu kwenda na tatu kurudi. Mwenyewe ameshanunua betri mpya akidhani za kwanza zilikufa. Kila akiwasha birika inveta inalia, kisha inazima. Nikapima birika likiwa linafanya kazi: kwenye betri volti 12.1, kwenye inveta 10.9. Volti moja na kitu imeishia njiani, na waya wa moto ukiushika.

Tulisogeza inveta ikakaa jirani na betri, tukaweka waya wa milimita 50, lagi (vile vichwa vya chuma vya mwisho wa waya) zikabanwa kwa mashine yake (si kwa nyundo, jamani), na fyuzi kubwa karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri. Umeme wa 230 ndio tukaupeleka mbali, kwa sababu wati zilezile huko ni ampea 9 tu na waya wa 2.5 unatosha. Hizo betri anazo mpaka leo.

Usiiweke inveta kwenye boksi lililofungwa. Feni yake inavuta vumbi letu lote la Dodoma, na joto halina pa kutokea.

Dada wa Kisasa

Mimi langu ni la biashara, napeleka wageni Kondoa. Fundi wa kwanza aliniwekea swichi inayokata laivu (waya wa moto) peke yake, nyutro zote (waya za kurudishia) akazifunga pamoja kwenye kituo kimoja. Porini hakuna tatizo. Siku tumechomeka kwenye nyumba ya wageni, inveta ikatoa moshi. Fundi wa pili akanionyesha kwa testa ya bisibisi: umeme wa inveta ile unawasha testa kwenye matundu yote mawili ya soketi. Yaani nyutro yake si nyutro kama ya ukutani, na ikikutana na ile ya nje ambayo imeshikana na ardhi, inveta nyingi za bei ya chini hazivumilii. Sasa nina swichi ya kuzungusha, 1-0-2 (umeme mmoja, zima, umeme wa pili), inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Mleta mada, hicho nisingekubali kupunguziwa bei.

Kijana wa Nkuhungu

Dada yuko sahihi, ila hizo za kuzungusha kwa mkono zinachosha. Mimi nimeweka ya otomatiki: umeme wa nje ukija inahama yenyewe, ukikatika inarudi kwenye inveta, friji haijui kitu.

Ila jamaa yangu naye aliweka ya otomatiki, chaja ya betri akaichomeka kwenye soketi ya ndani. Umeme wa nje ulipokatika usiku, betri ikalisha inveta, inveta ikalisha chaja, chaja ikairudishia betri pungufu ya ilichotoa. Asubuhi gari giza. Chaja inatakiwa ichukue umeme kabla ya swichi, upande wa nje tu.

Fundi, Area C

Ndiyo maana kwa mtu anayeanza napenda ya mkono. Inamlazimisha kujua yuko kwenye umeme gani, na birika hatawasha kwa mazoea. Ya otomatiki sikatai, mradi iachie upande mmoja kabisa kabla ya kushika mwingine. Na kama inveta yako ina chaja na chenjiova ndani yake, usiongeze nyingine.

Mzee wa Manyoni

Hamjagusa ethi, waya wa ardhi. Gari limesimama juu ya mpira. Ukichomoa waya wa nje, ethi yake imeondoka nayo.

Fundi, Area C

Shikamoo mzee, umenikumbusha. Ethi ya soketi zote inafungwa kwenye bodi la gari na haipiti kwenye swichi. Halafu unaweka breka ya RCD, ile inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Breka hiyo haitakulinda ukiwa kwenye inveta kama nyutro ya inveta haijaunganishwa na bodi, na si kila inveta inaruhusu, soma kitabu chake kwanza. Ukiwa kwenye umeme wa nje muunganiko huo usiwepo ndani ya gari.

Mleta mada, Ilazo

Nashukuru sana. Mchoro mmoja nimeshauchana. La mwisho: fundi mmoja alisema nisinunue soketi ya nje ya gari, nitengeneze waya wenye plagi dume pande zote mbili nichomeke kwenye soketi ya ndani.

Dada wa Kisasa

Huyo usimrudie.

Fundi, Area C

Ukichomeka upande mmoja, pini za upande wa pili zina 230 na ziko mkononi mwako. Tafuta soketi ya kuingizia ya ubavuni, ambayo pini zake zimezama ndani na ina kifuniko cha maji. Ukimaliza kufunga, washa inveta bila kuchomeka nje, kisha pima pini hizo. Zinatakiwa zisome sifuri. Ukitaka niangalie, niko Jumamosi, ila wahi asubuhi. Saa saba mchana mwezi huu wa kumi ndani ya Hiace hakukaliki.